Mgongo wa Bwana Afya

Alikuwa anatembea na tochi mchana. Ilikuwa tochi ndefu ya betri tatu, ya bati lililochakaa, aliyoifunga kwa mpira kwenye fremu ya baiskeli mahali ambapo wengine hufunga pampu. Akifika kwa mtu, baada ya shikamoo na marahaba na habari za mashamba, aliomba kuonyeshwa choo, na kama choo kilikuwepo aliinama kwenye tundu na kumulika chini kwa muda mrefu, kama mtu aliyedondosha pete. Kisha aliizima tochi, akaifuta kwa kitambaa, na kutoa hukumu kwa maneno machache. "Kinapumua." Au, "Kimejaa." Au lile lililowaudhi watu kuliko faini, "Hiki ni pambo."

Majirani tulimwita Bwana Afya. Maafisa afya wote wa wilaya waliitwa hivyo, lakini ukisema Bwana Afya pale Kilosa mjini bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yeye. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za mshahara. Sikuwahi kulitumia na sitaanza leo.

Nyumba yake ya serikali ilitazamana na yetu, na katikati palikuwa na barabara ya vumbi na mtaro aliouchimba mwenyewe baada ya kuchoka kusubiri vibarua wa halmashauri. Nilimjua tangu nikiwa shule ya msingi mpaka nilipomaliza chuo kikuu, na miaka hiyo yote tulibishana juu ya kitu kimoja. Alipenda michezo ambayo watu wake huacha kusema na kuanza kuimba. Aliipenda jukwaani, aliipenda kwenye sinema. Mimi niliona ni upuuzi, na nilimwambia hivyo usoni.

Nilikuwa na haki ya kubisha. Sikuwa na haki ya kufanya nilichofanya baadaye.

Mapenzi hayo aliyapata akiwa kazini. Alipokuwa mwanafunzi wa afya Dar es Salaam walitumwa kukagua vyoo vya kumbi za starehe, na yeye akapangiwa ukumbi ambamo Wazungu walikuwa wakiigiza michezo yao. "Nilimaliza vyoo," alinisimulia, si chini ya mara kumi, "nikapita nyuma ya pazia nitafute mlango wa kutokea, nikakuta mwanamke na mwanamume wanaimba. Kiingereza chao kilinipita. Lakini nilijua wanapendana, na nilijua kuna mtu hataki. Wangekuwa wanasema tu, nisingejua hata moja." Alisimama pale na ndoo yake ya dawa mpaka watu walipopiga makofi. Ripoti ya vyoo aliyoiandika siku hiyo, kwa maneno yake, ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika.

Kilosa hakukuwa na mchezo wa aina hiyo. Palikuwa na ukumbi mmoja wa sinema, karibu na stesheni, uliokuwa ukionyesha picha za Kihindi Jumapili alasiri. Alinipeleka huko mara nyingi nilipokuwa sekondari. Alikaa safu ya tatu, mikono imelala magotini kama yuko kanisani, na wimbo ukianza alivua kofia.

"Amebadilisha nguo mara tatu kwenye wimbo mmoja," nilimwambia siku moja tukitoka. "Amebadilishia wapi? Kule mlimani kuna chumba?"

"Wewe ulikuwa unahesabu nguo."

"Nilikuwa natazama. Si ndiyo kazi ya sinema, kutazamwa?"

"Baba yake alipomkataza pale mlangoni, alimjibu nini?"

"Hakumjibu. Aliinamisha kichwa."

"Basi. Vyote alivyovimeza pale mlangoni ndivyo alivyokwenda kuviimba mlimani. Msomi mzima unahesabu magauni."

Msomi lilikuwa jina lake kwangu. Alinipa nilipochaguliwa kidato cha kwanza, mwanzoni kama sifa, baadaye kama jina la ugonjwa.

Nilimpinga kwa kila nilichosoma. Nilimwambia kwamba mtu aliyechomwa kisu haimbi beti nne, anakufa. Nilimwambia kwamba wimbo ni njia ya kumfanya mtazamaji asiulize maswali. Nilipofika mwaka wa pili chuoni nilirudi likizo na hoja niliyoiona haina jibu. Shamba la mkonge la Rudewa, alikofanya kazi baba yangu, lilikuwa limepunguza watu, na baba alikuwa mmoja wao.

"Baba hakuimba," nilimwambia Bwana Afya. "Alirudi na kabuti lake, akakaa kwenye kiti. Hayo ndiyo maisha. Hakuna ngoma iliyolia."

Nilidhani nimemfunga mdomo. Aliendelea kupaka mafuta mnyororo wa baiskeli.

"Najua," alisema. "Nilimwona. Amekaa miezi mitatu bila kusema na mtu, hata mama yako. Angekuwa na wimbo angepata pa kuanzia."

Kati ya jukwaa na sinema alichagua jukwaa, ingawa jukwaa aliliona mara moja tu. Alisema sinema inakuletea mto, maji yote na mawe yake, wewe kazi yako ni kukaa. Jukwaani mto hauji. Inabidi uuchimbe wewe, na kila aliyekaa kwenye benchi achimbe. Nilimuuliza kwa nini basi haachi kwenda sinema. "Mwenye njaa hachagui sahani," alisema, kisha akasita. "Hapana, hilo nimelisema vibaya. Naenda kwa sababu nikikaa nyumbani Jumapili nasikia kimya."

Mkewe alikuwa amefariki mwaka ule. Msibani hakutoa chozi, alisimama getini akipokea watu na kuwaonyesha pa kunawa mikono. Mwezi uliofuata alilia waziwazi safu ya tatu, kwa ajili ya mwanamke wa Kihindi ambaye hakuwahi kuwepo, na habari ikamfikia shemeji yake, aliyekuja mpaka uani kumsuta. Nilikuwepo, nilikuja kurudisha kitabu.

"Dada yangu hukumlilia. Unawalilia Wahindi wa kwenye kitambaa?"

"Shemeji, kule msibani kila mtu alikuwa ananiuliza," alisema. "Alianza kuumwa lini, alisema nini mwisho, watoto watakaa na nani. Ukumbini hakuna aliyeniuliza kitu."

Nilikwenda nyumbani nikiwaza kwamba hilo si jibu.

Yapo mengine yasiyolingana. Alihubiri kuosha mikono mpaka kwenye viwiko, na bado akanunua mihogo ya kukaanga stesheni iliyofungwa kwenye gazeti. "Mafuta yamechemka, Msomi. Kilichochemka hakina kesi." Alivuta sigara nyuma ya zahanati, akiwa amesimama chini ya bango lake mwenyewe. Na yeye, aliyeona wimbo ni njia pekee ya binadamu kusema kweli, hakuweza kuimba. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa bati. Kwaya ya kanisani ilimwomba kwa adabu awe mtunza funguo.

Kwa hiyo alipokuja kuunda kikundi chake, alijipa sehemu isiyo na sauti.

Kikundi kilikuwa na watu watano, na mchezo wao uliitwa Tumbo Halina Adabu. Kijana ameoa, amekwenda kukaa ukweni kama desturi ya huku inavyotaka mara nyingi, na siku ya kwanza tu tumbo linamchafuka. Hajui choo kiko wapi. Mkewe amekwenda mtoni. Aliyebaki uani ni mama mkwe, na mbele ya mama mkwe mtu hatamki choo, wala tumbo, wala kuhara; afadhali afe. Kijana anazunguka uani akishika miti na kuiacha, na hapo watazamaji walianza kuanguka kwa vicheko. Kisha mama mkwe anamgeuzia mgongo, anachukua mchi, anagonga kinu mara moja. Maana yake, nasikiliza. Ndipo kijana anaimba.

*Mama wa mke wangu, tumbo halina adabu,*
*nionyeshe pa kupita, nisikuaibishe mimi.*

Beti zilikuwa nyingi. Ndani yake mlikuwa na kina cha shimo, kifuniko, jivu la kunawia, na mwishoni mtoto anazaliwa, anaharisha, na kijana anaimba namna ya kumpa maji ya chumvi na sukari: lita moja iliyochemka, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Wimbo ukiisha, mama mkwe anagonga mara mbili. Nimesikia. Hatamki neno tangu mwanzo hadi mwisho.

Mama mkwe huyo alikuwa Bwana Afya, kwa khanga mbili na kilemba, soksi zake ndefu nyeupe zikionekana chini.

Likizo moja nilipanda nao kwenye pikapu ya idara mpaka Masanze. Aliyeigiza mkwe alikuwa fundi baiskeli wa mjini, mwenye sauti nzuri na kichwa chepesi. Alizunguka, akashika miti, watu wakacheka, Bwana Afya akageuka, akagonga. Fundi akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Alikuwa amesahau wimbo wote.

Ungedhani mkuu wa kikundi angegeuka amnong'oneze neno la kwanza. Hakugeuka. Alikaa vilevile, mgongo kwa kijana, mchi umeinuliwa kidogo kutoka kinuni. Watu walicheka, wakaacha kucheka, wakaanza kutazamana. Mkono wa Bwana Afya ulikuwa unatetemeka kwa uzito wa mchi. Hatimaye mwanamke mmoja mtu mzima kwenye umati alianza ule ubeti kwa sauti ya chini, wengine wakapokea, fundi akadandia.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakugeuka.

"Nikigeuka amekwisha. Nimempa mgongo ili aseme. Nakaa hivyo mpaka amalize."

"Na kama asingesema kabisa?"

"Ningekaa."

"Mpaka lini?"

"Msomi, una maswali ya hakimu."

"Nauliza kwa sababu mchezo wenyewe hauna mantiki. Kwa nini asimwambie tu? Tumbo linaniuma, choo kiko wapi. Maneno matano. Mchezo umekwisha, tumekwenda nyumbani."

"Hawezi."

"Kwa nini hawezi?"

"Nenda ukakae Zombo wiki mbili," alisema, "utaniambia wewe."

Zombo nilikwenda. Nilikaa siku moja.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu cha serikali kilitakiwa kijieleze kwa nini kipo. Ukumbi wa sinema ulishakuwa ghala la mahindi la mfanyabiashara, na vijana walitazama karate kwenye vibanda vya video. Wagonjwa walianza kuchangia matibabu. Watumishi walisubiri orodha za kupunguzwa zibandikwe bomani. Kikundi cha Bwana Afya kilikuwa kinapata mafuta ya gari na posho kutoka mradi wa usafi wa wafadhili, na mradi ukataka kujua kama michezo hiyo inafaa kitu. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na nilijua kuandaa dodoso. Mratibu aliniajiri kwa mwezi mmoja.

Nilimwambia Bwana Afya kabla sijaanza. Nilidhani angeniomba nimwonee huruma.

"Andika ulichokiona," alisema. "Usinipendelee kwa sababu umekula kwangu. Ila ukisema tusimamishwe, nami nitasimamishwa. Sina kazi nyingine wanayoijua bomani siku hizi. Nakwambia ujue tu, si ili ufiche."

Niliondoka kwa pikipiki ya mradi. Zombo nilizunguka nyumba nyingi kadiri jua lilivyoniruhusu, na nyumba ninayoikumbuka ni moja. Kijana wa umri wangu, mtoto mchanga mapajani, kwenye kigoda. Hatua tatu kutoka kwetu mama mkwe wake alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akitutazama.

"Mtoto akiharisha," nilimsomea, "hatua ya kwanza unafanya nini?"

Kijana aliangalia ndala zake. "Sijui."

"Maji ya chumvi na sukari, umewahi kuyasikia?"

"Sijui, kaka."

"Familia inajisaidia wapi?"

Akasimama na mtoto. "Ngoja nikuletee maji ya kunywa," alisema, na alikawia sana. Aliporudi nilikunywa, nikatia alama kwenye visanduku vya hajui, vyote, nikashukuru.

Nilipokuwa napiga kiki pikipiki, nilimsikia nyuma ya nyumba. Alikuwa anapasua kuni, na anaimba. Lita moja iliyochemka. Sita vya sukari. Nusu ya chumvi. Aliimba sawasawa, bila kukosea kipimo hata kimoja. Nilitabasamu, nikaondoka, na jioni yake niliandika sentensi niliyojivunia kwa wiki nzima: "Nyimbo zinakumbukwa, lakini ujumbe haukufika."

Mratibu aliipigia mstari.

Nimerudia kichwani mara nyingi kitendo cha kupiga kiki huku nikimsikia. Siwezi kudai sikusikia. Dodoso langu lilikuwa na nafasi ya jibu, na lile halikuja kama jibu, basi nikaliacha uani kwake.

Mradi ulisimamisha michezo ukachapisha mabango ya rangi. Mengi niliyaona baadaye yakiwa majalada ya madaftari ya shule. Orodha ilipobandikwa bomani jina la Bwana Afya lilikuwamo, na kwenye jalada lake, aliniambia karani mmoja bila kujua ananiambia nini, palikuwa na nakala ya ripoti ya msomi fulani wa chuo kikuu. Masika iliyofuata watu waliugua matumbo upande ule wa Zombo. Sisemi ni mimi niliyewatia ugonjwa. Mvua ilikuwa kubwa na visima vilifurika. Nasema tu kwamba hakuna gari lililokwenda na kinu.

Alikuja kwetu na ripoti mkononi siku tatu baada ya orodha. Mama alimpa kiti, akampa chai, akatuacha. Aliifungua ukurasa baada ya ukurasa kama anayekagua jiko la hoteli.

"Kiswahili chako safi," alisema. "Hata nukta hujakosea."

Nilisema asante. Nilisema asante kweli.

"Huyu wa Zombo, mwenye mtoto. Mliongea mkiwa wangapi?"

"Mimi na yeye. Na mama mkwe wake alikuwa pale, anachambua maharage."

"Alikuwa amekaaje?"

"Amekaa tu. Anatutazama."

"Anawatazama," alirudia. Alicheka kidogo, bila sauti, akiangalia kikombe. Kisha akaikunja ripoti mara mbili, akaiweka mfukoni. "Haya. Sawa."

Halafu alisubiri. Sasa najua alikuwa anasubiri niulize. Nilikuwa nimemuuliza juu ya kila kitu tangu nikiwa na kaptula: kwa nini choo kinapumua, kwa nini Wahindi hawachoki, kwa nini alivua kofia wimbo ukianza. Siku ile sikuuliza. Niliogopa kwamba lipo jibu. Alimaliza chai, akamuaga mama, na mwisho wa mwezi akahamia Mikumi kwa binti yake, kwenye lori la mbao, tochi ikiwa imefungwa kwenye baiskeli.

Jibu lilinifikia baada ya miaka, na lilinifikia pabaya.

Nilioa mwanamke wa Masanze. Mara ya kwanza kulala ukweni, asubuhi yake mke wangu na dada zake walikwenda mtoni, na makande niliyoshindiliwa jana yake yakaanza kudai. Nilitoka uani. Palikuwa na mama mkwe peke yake, anapepeta mpunga. Nilimwamkia shikamoo kwa mara ya pili asubuhi hiyo, akaitikia, na hapo maneno yakaniishia. Mimi niliyesema ni maneno matano. Nilishika mti wa mpapai. Nikauachia. Nikazunguka nyuma ya banda la kuku nikatokea upande wa pili, nikajidai natazama mahindi. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye kope.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Alijigeuza taratibu, akanipa mgongo. Akauchukua mchi na kugonga kinu kitupu, mara moja.

Nilisimama kama fundi baiskeli. Wimbo niliujua wote, beti zote, na mdomo haukufunguka. Alinisubiri. Alipoona msomi wake hana la kusema, akaanza kuniimbia yeye, kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta, kana kwamba anajiimbia mwenyewe.

*Mama wa mke wangu, tumbo halina adabu,*
*nyuma ya migomba nipite, nisikuaibishe mimi.*

Kisha akagonga mara mbili.

Nyuma ya migomba palikuwa na choo chenye kifuniko cha ubao, kopo la maji, na jivu ndani ya kifuu. Nilielewa nikiwa nimechuchumaa. Nilielewa ya Zombo, na maharage, na nani alikuwa anamtazama nani. Nilitoka mle nikiwa nimetulia tumbo, na uso siwezi kuuinua.

Baada ya hapo nilimwandikia barua Bwana Afya mara nne na sikutuma hata moja. Zilikuwa na hoja nzuri, nazo zilinitetea.

Nilimwona mwaka uliofuata. Nilikuwa nasafiri kwenda Iringa, na basi lilisimama Mikumi kwa chakula, kwenye hoteli moja ya kando ya barabara. Nilifuata watu kwenda msalani. Mlangoni, kwenye kiti cha mbao, nyuma ya meza yenye karatasi zilizokunjwa, alikaa mzee mwenye soksi ndefu nyeupe. Ufagio ulikuwa umeegemea ukutani. Tochi ilikuwa mezani.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, Msomi," alisema, kana kwamba tumeachana jana. "Ingia kwanza, tutaongea. Hujaja kuniona mimi."

Niliingia. Sijaona choo kisafi kama kile njia nzima kutoka Morogoro. Nilipotoka aliinua kidevu.

"Kinapumua?"

"Kinapumua."

Aliridhika. Aliniuliza mama hajambo, nikasema hajambo. Nilimwambia nimeoa Masanze, akacheka, akasema watu wa kule wana kumbukumbu. Akatazama basi letu.

"Nasikia siku hizi mabasi mengine yana video ndani."

"La kwetu linayo."

"Wanaimba?"

"Wanapigana."

"Poleni," alisema.

Nyuma yangu foleni ilikuwa inasogea, watu wakichukua karatasi na kupita. Nilijua kwamba lile basi likiondoka sitapata siku nyingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa hili; nilikuwa na barua nne kichwani.

"Bwana Afya," nilisema, "ile ripoti."

"Enhe."

"Ile ripoti mimi..."

Alinitazama machoni, bila ukali. Alikuwa amezeeka upande mmoja wa uso zaidi ya mwingine. Alisubiri, na kadiri alivyonitazama ndivyo maneno yalivyozidi kurudi tumboni.

"Ilikuwa ndefu mno," nikasema.

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa. Bwana Afya akasimama, akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza kikaelekea ukutani, akakaa. Nikabaki naangalia mgongo wake, shati jeupe lililopauka, mishono ya mabegani imefumuka na kushonwa tena. Alinyoosha mkono, akauchukua ufagio, na kwa mpini wake akagonga sakafu ya saruji mara moja.

Nilijua ubeti wa kwanza. Nilijua ninachotakiwa kubadilisha ndani yake, na kilikuwa kidogo tu, maneno mawili matatu. Nilifungua mdomo.

"Kaka, unaingia au unatoka?" akauliza mtu nyuma yangu. Kule barabarani utingo alikuwa anapiga bodi ya basi kwa kiganja, Iringa, Iringa, wa Iringa tunaondoka. Watu walikuwa wananitazama: mtu mzima mwenye begi la ngozi, amesimama mdomo wazi mbele ya mgongo wa mlinzi wa choo.

"Haya, Bwana Afya. Ubaki salama," niliuambia mgongo.

Hakuitika. Halikuwa neno alilokuwa akilisubiri. Nilikwenda kwenye basi, si kwa kukimbia, lakini haraka.

Kiti changu kilikuwa dirishani, upande ule. Basi lilichukua muda kutoka, likirudi nyuma na kusogea, na muda wote huo nilimwona. Watu walijichukulia karatasi mezani na kupita pembeni yake. Hakugeuka. Mpini wa ufagio alikuwa ameuinua kidogo kutoka sakafuni, kama ule mchi wa Masanze.